Mshindani Namba Mbili

Kijana anayeuza vitabu vya zamani kando ya barabara mjini aliniita mathe, na sikukasirika. Nimefika umri wa kuitwa mathe na watu ambao sikuwazaa. Nilikuwa natoka kununua nyuzi za kushonea sweta za shule, sina haraka, nikasimama kuangalia.

"Angalia tu, mathe, kuangalia ni bure," akasema. "Hiyo ni vintage. Watu wa hoteli hununua wanaweka kwa ukuta."

Hiyo aliyokuwa akiniuzia ilikuwa boksi la kadibodi, la manjano iliyochujuka, na juu ya kifuniko palichorwa redio kubwa ya mbao na familia imeizunguka, wote wanacheka. Kama wewe ni wa rika langu huhitaji kuelezwa. Kulikuwa na kipindi cha chemsha bongo kila Jumapili alasiri, na kwa vile kila nyumba yenye redio ilikuwa imekifungua, ungeweza kutumwa dukani swali likiwa limeulizwa, ukafika ukiwa umesikia jibu njiani. Baadaye wajanja fulani wakatengeneza mchezo wa mezani unaofuata kipindi hicho. Ubao, kadi za maswali, na kengele ndogo ya kugonga kwa kiganja.

Niliinua kifuniko. Kadi zilikuwa zimefungwa kwa mpira, na ndani mlikuwa na harufu ya karatasi iliyokaa sana mahali pasipo na hewa. Nikasubiri nisikie kitu. Watu huandika kwamba harufu za namna hiyo huwatoa machozi. Mimi nilisikia njaa kidogo, maana ilikuwa inakaribia saa saba. Nikafunika, kijana akateremsha bei mara mbili bila kuulizwa, nikamtakia siku njema. Lakini tangu hapo kila nikikaa kwenye cherehani nafikiria ule mwaka tuliohamia mtaa wa Rhonda, na nimeona heri niuandike uishe.

Baba yangu alifanya kazi kiwandani. Kiwanda gani, haidhuru, hakipo tena. Tuliishi kwenye nyumba za kampuni, safu ndefu za mawe zenye bafu za pamoja, na mwisho wa safu palikuwa na ukumbi wa wafanyakazi. Jumapili, wale wasio na shifti walikusanyika pale kusikiliza kipindi, na kikiisha wanatandaza ubao na kucheza wenyewe. Baba hakuwahi kucheza. Yeye alikuwa msomaji wa maswali, kwa sababu alikuwa na sauti. Si sauti kubwa, sauti tu, ile ambayo mtu akisema "chumvi" unageuka. Alimwiga mtangazaji mpaka wazee wa kitengo cha rangi walikuwa wakifumba macho ili wafaidi vizuri. Mimi na kaka yangu Barasa tulichungulia dirishani tukijivuna kama vile baba ndiye mwenye redio.

Halafu kiwanda kikapunguza watu, na baba akawa mmoja wao. Ukumbi ulifungwa, na wanaume wakagawana vilivyokuwa ndani. Mmoja alichukua benchi, mwingine akachukua ubao wa vishale, baba akaja nyumbani na boksi la chemsha bongo kwapani na barua mfukoni. Mwisho wa mwezi tukahama, tukaingia vyumba viwili vya mabati huko Rhonda, na hapo ndipo baba alipoacha kuongea.

Nataka hili lieleweke, kwa sababu nikilisimulia watu hudhani nasema alikuwa mkali au mlevi. Hakugombana na mtu. Hakunywa. Aliamka, akanawa, akavaa shati lake la kwenda kazini, akaketi kwenye kigoda kando ya mlango, na hakusema kitu. Mama akimuuliza kama atakula, aliinua kidevu. Majirani wakisalimu, aliinua mkono. Mimi nina jina la mama yake mzazi, kwa hivyo tangu nizaliwe alikuwa akiniita mama, kama wanaume wengi wa kwetu Bungoma wanavyofanya. Hilo nalo lilikoma. Nilikuwa darasa la tano, na ukiniuliza nilihisi nini nitakuambia nilizoea. Nyumba ikinyamaza, mtoto naye hunyamaza, anajifunza kufunga mlango polepole.

Jumapili moja baada ya kanisa nilivuta boksi kutoka chini ya kitanda kwa kukosa la kufanya. Nilitandaza ubao sakafuni, nikapanga vizibo vya soda mahali pa vile vipande vya kuchezea, ambavyo vilipotea zamani, nikampelekea baba kadi pale mlangoni. Sikuwa na mpango wowote. Nilimpa yeye kwa sababu siku zote ndiye aliyezishika. Alizitazama muda mrefu. Kisha akaketi wima, akakohoa, na ile sauti ikatoka.

"Mshindani, karibu sana. Unaitwa nani, na unatoka wapi?"

Niligeuka kuangalia nyuma yangu.

"Mshindani, wasikilizaji wanangoja."

Nikataja jina langu, nikasema natoka Rhonda, Nakuru. Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale pale. Barasa, ambaye alikuwa darasa la sita na hakutaka kupitwa na kitu, akaja mbio akasema yeye ndiye mkubwa kwa hiyo yeye ni mshindani namba moja. Mimi nikawa namba mbili.

Mnakumbuka jinsi mambo yalivyokuwa redioni. Hakuna mtu aliyeulizwa swali kabla ya kutuma salamu. Salamu kwa shangazi, salamu kwa wanakwaya, salamu kwa mwalimu mkuu, na yule mtu ambaye hujui yuko wapi unamsalimu popote alipo. Baba alifuata utaratibu huo bila kuruka hatua. Barasa alisalimu timu nzima ya mpira ya darasa lake, jina kwa jina, mpaka akaambiwa muda unakwenda. Zamu yangu ikafika.

"Mshindani namba mbili, una salamu?"

Nikasema, "Namsalimu mama yangu, yuko jikoni. Na baba yangu, popote alipo."

Sikuwa nacheza na maneno. Nilisema kama wanavyosema redioni, na kwa akili yangu ya wakati huo lilikuwa jambo la kweli kabisa, kwamba yule anayeshika kadi ni mtangazaji, na baba yangu yuko mahali pengine. Mtangazaji aliangalia kadi yake.

"Salamu zitamfikia," akasema. "Swali."

Kesho yake niliporudi kutoka shuleni nilitandaza ubao tena, na kabla ya swali mtangazaji akaniambia kuna salamu zangu. Baba yako amezipata, akasema, anakushukuru, yuko salama. Nikasema asante. Ndivyo tulivyoanza kuishi. Kila siku saa kumi na moja, baada ya chai, baba alikuwa na sauti kwa muda wa mchezo, na mchezo ukiisha alifunga kadi kwa mpira na kurudi kigodani.

Mama hakukawia kuona faida. Alianza kunishika mkono mapema. "Kwa salamu zako mwambie paa linavuja upande wa kitanda." Nami nikasimama mbele ya ubao nikasema, namsalimu baba yangu popote alipo, na mama anasema paa linavuja upande wa kitanda. Salamu zitamfikia. Asubuhi yake baba alikuwa juu ya bati na kopo la lami. Hivyo hivyo mlango wa choo ukapata bawaba, na hivyo hivyo nikamjulisha kwamba bibi yetu kule Bungoma ni mgonjwa, na baadaye kwamba amepona. Mama aliweza kuniambia mambo matatu kwa siku, akichagua kama mtu anayechagua nyanya.

Sasa nieleze kosa langu, na ili nilieleze lazima niseme kuhusu kadi.

Kanuni ilikuwa hivi. Ukijibu sawa, kengele inagongwa, na kadi yako inawekwa katikati ya ubao, juu ya picha ya redio, hairudi tena. Ukikosa, kadi inarudi chini ya rundo. Mchezo unaisha rundo likiisha. Sisi hatukuwa tunaanza upya kila siku. Baba alihifadhi mafungu mawili, la zilizojibiwa na la zilizobaki, tukaendelea pale tulipoachia. Na Barasa alikuwa na kichwa. Kila siku fungu la zilizobaki lilipungua. Mimi nililiangalia likipungua nikaanza kulihesabu kila jioni, kwa sababu nilijua kitu ambacho hakuna mwingine aliyekijua. Nilijua kwamba maneno ya baba yamo ndani ya zile kadi. Nje ya kadi hana. Ya kwake yalibaki kiwandani, haya ndiyo aliyopewa siku ya kuondoka, na yakiisha, yameisha.

Leo mtu angeniambia, kadi zikiisha si mnazichanganya mnaanza upya. Hakuna aliyeniambia, kwa sababu sikumuuliza mtu. Nilichofanya ni kuanza kukosa.

Kukosa si rahisi kama mnavyofikiri. Mara mbili tatu nilisema jibu la ovyo likawa ndilo. Kengele ikalia, kadi ikaenda, nikataka kulia. Kwa hiyo nikaona lazima nijue. Mama akiwa sokoni na baba amekwenda kuteka maji, nilitoa kadi chini ya kitanda nikazisoma, swali na jibu, swali na jibu, mpaka nikazimaliza zote, nikarudia. Nilijifunza mji mkuu wa Ethiopia ili nisiutaje. Nilijifunza buibui ana miguu minane ili niseme sita. Katika nyumba ile, na pengine mtaa ule wote, hapakuwa na mtoto aliyejua mengi kama mimi, na kazi yangu yote ilikuwa kuyakwepa. Kwa kila kadi aliyoiondoa Barasa, mimi nilirudisha moja. Hesabu haikutosha, lakini ilichelewesha.

Darasani nilikuwa nafanya vizuri, lakini darasa letu lilikuwa na watoto watatu kwenye dawati moja na mwalimu aliyejua majina ya wale wa mbele tu. Ripoti zilipokuja, mama ndiye aliyezipokea, na mama hakujua kusoma vizuri. Alizipeleka kwa baba, baba akaziangalia na kuziweka chini ya godoro.

Likizo ya Agosti, Senge akaja. Senge kwetu ni shangazi, dada wa baba. Huyu alikuwa mwalimu kwenye shule moja ya bweni kule Bungoma, mwanamke mrefu mwenye viatu vya kamba, ambaye hakuwahi kukaa nyumbani kwetu bila kupanga upya vyombo vya mama. Alikaa siku nne. Siku ya tatu, tukiwa tumemaliza kula, alisema alilolijia.

"Ndugu yangu, mimi sitazunguka. Hawa watoto hapa wanapotea. Mkuu wetu wa shule amenikubalia mtoto mmoja. Mmoja, si wawili, wawili nimeomba amekataa. Atakaa kwangu, atasoma mpaka atakapofika. Nipe mmoja, lakini nipe mwenye kichwa."

Mama akasema, "Barasa ndiye mkubwa."

"Sikuuliza umri," Senge akasema.

Alitoa picha kutoka kwenye mkoba ili tuone tunachoitiwa. Nimeiona picha ile maisha yangu yote. Ilikuwa ya chumba chenye kabati za vioo ukutani, kutoka mlangoni mpaka dirishani, zote zimejaa vitabu, na watoto wameketi kila mmoja kwenye kiti chake. Kila mmoja kiti chake. Nilitaka kwenda. Niliseme wazi, kwa sababu watu wakisikia nilichofanya baadaye hudhani sikutaka. Nilitaka mpaka meno yakaniuma.

Baba aliinuka, akaenda chumbani, akarudi na boksi. Hilo ndilo lilikuwa jibu lake. Alichanganya kadi zote pamoja, zilizojibiwa na zilizobaki, akatandaza ubao juu ya meza, akamsukumia Senge kengele. Kadi thelathini, kumi na tano kila mtu, atakayepatia zaidi ndiye. Hakuyasema haya kwa sauti yake. Aliyasema kwa sauti ya mtangazaji, na Senge, ambaye alikuwa hajamsikia ndugu yake akitamka neno kwa siku tatu, kwani hatukutandaza ubao mbele ya mgeni, akaivuta kengele karibu.

Hata pale nilipoona kwamba amechanganya kadi zote, kwamba zinaweza kuchanganywa, sikuelewa. Niliona rundo limenenepa nikashukuru. Halafu nikafikiri, kwa utaratibu kabisa, kama mtu anayekata kitambaa. Nikienda mimi, anabaki Barasa. Barasa atajibu zote sawa. Kufika Krismasi kadi zitakuwa zimeisha, na baba atanyamaza mpaka afe, na mama atakaa jikoni bila mtu wa kupeleka salamu. Akienda Barasa, nabaki mimi, na mimi najua kukosa. Kwangu halikuwa jambo la kishujaa. Kulikuwa na kazi, na ni mimi tu niliyekuwa na ujuzi wake.

Tulianza. Barasa alitokwa na jasho, akapatia, akakosa, akapatia. Mimi nilikosa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Niliulizwa mto mrefu kuliko yote Kenya nikasema Nzoia, mto wa kule Bungoma, na Senge akacheka, akasema angalau anapenda kwao. Mama hakucheka. Kufikia kadi ya kumi Senge alikuwa ameacha kuniangalia zamu yangu ikifika, alikuwa anamwangalia Barasa tu, kama mtu ambaye tayari anampima nguo.

Redioni swali husomwa mara mbili. Mara ya tatu ni huruma ya mtangazaji, na baba hakuwa na huruma hiyo, hata kule ukumbini hakuwa nayo. Kadi yangu ya mwisho ilikuwa rahisi, ya mtoto wa darasa la pili. Ni mnyama gani anayeitwa mfalme wa porini. Akaisoma. Nikawa natafuta mnyama mwingine. Akaisoma tena, polepole. Halafu hakuiweka chini. Aliishika, akaniangalia juu yake, mimi, macho kwa macho, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu tuhame, na midomo yake ikafunguka kidogo. Nilidhani ameshindwa kupumua vizuri kwa joto la bati.

"Ndovu," nikasema.

"Pole, mshindani," akasema, akairudisha chini ya rundo.

Senge alimshika Barasa mabega akamtikisa. Mama aliingia jikoni. Mimi nilikusanya vizibo. Nilitarajia furaha kwa sababu nilikuwa nimeshinda kile nilichotaka kushinda, lakini sikupata furaha wala huzuni, nilikuwa tu na kiu. Nilikunywa vikombe viwili vya maji.

Asubuhi iliyofuata Senge na Barasa waliondoka. Barasa alivaa suruali mpya na akanipa kombeo lake, kitu ambacho asingempa mtu kwa siku ya kawaida. Akaniambia, "Usijali, utajifunza tu. Wengine huchelewa." Alikuwa na miaka kumi na miwili na alikuwa ananifariji kwa moyo wake wote. Nikamwambia asante.

Sisi watatu tukabaki. Nilimchezea baba mwaka huo na nusu ya uliofuata, nikikosa kila siku saa kumi na moja, nikipeleka salamu. Kisha alipata kazi kwenye posho mill, kinu cha kusaga mahindi, huko chini karibu na mtaa wa Kaptembwo, na kule, kwa kelele za mashine na wanawake wa foleni, akaanza kuongea tena kidogo kidogo. Kwanza bei, kisha hali ya hewa, kisha siku moja aliingia akaniambia, "Mama, leta maji ninawe." Boksi lilirudi chini ya kitanda. Panya wakalikuta huko. Kuhusu lile wazo langu la maneno kuisha, sikumbuki siku niliyoacha kuliamini. Halikuanguka kwa kishindo. Nilijikuta tu nina miaka kumi na tano na sinalo tena.

Nilimaliza darasa la nane palepale, nikajifunza cherehani. Nashona vizuri. Watoto wengi wanaopita hapa nje asubuhi wamevaa kazi ya mikono yangu. Barasa ni daktari wa mifugo, ana nyumba Kisumu, na ndiye aliyemlipia baba matibabu yote alipougua, bila kunung'unika hata siku moja, kwa hivyo nisisikike nikimsema vibaya. Tulimzika baba kwa utulivu. Nilipika, nikatandika, nikapokea wageni, na watu walisema nimejikaza.

Desemba iliyopita Barasa alikuja na mke wake na watoto kututembelea mimi na mama. Mezani aliwasimulia watoto jinsi alivyoshindana na mimi kwa kadi, na jinsi nilivyosema mfalme wa porini ni ndovu. Watoto walicheka mpaka mmoja akamwaga soda, na mimi nilicheka pia, kwa sababu anasimulia vizuri, anayo sauti ya baba.

"Kama si ile mchezo," akasema, "saa hii ningekuwa nasukuma mkokoteni."

Walipoondoka, mama na mimi tulikaa nyuma ya nyumba kutoa minji kwenye maganda, gunia nusu ambalo Barasa alikuwa amelinunua sokoni Dundori. Mama ni mzee sasa lakini vidole vyake vina kasi kuliko vyangu.

"Baba yako alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Kwamba unajua."

Niliendelea na ganda nililokuwa nalo.

"Zile kadi kulikuwa na zingine za kweli au si kweli," mama akasema. "Hizo ulikosa zote. Zote, mwaka mzima. Hata mbuzi ukimuuliza kweli au si kweli, nusu atapatia. Na ripoti zako alikuwa anasoma. Mimi ndiye sikujua kusoma, si yeye."

"Alikuambia lini?"

"Ile asubuhi tumesindikiza Barasa. Wewe ulitangulia mbele na maji. Ndiyo maneno ya kwanza aliniambia yeye mwenyewe, bila kupitia kwako. Alisema, nilimsomea mara mbili. Ningesoma ya tatu, angejibu. Sikusoma."

Minji zilikuwa zimejaa bakuli. Nikazimwaga kwenye sufuria, nikarudisha bakuli mapajani mwake. Nilikuwa nasubiri kitu kije, hasira au kilio, chochote, na hakikuja.

"Alisema kwa nini?"

"Alisema, huyu akienda, mimi nitabaki na nani."

Kuku wa jirani alikuja kuchokora maganda, mama akamfukuza kwa mguu. Nikafikiria ile asubuhi. Senge alikuwa na mpango wa kulala Eldoret kwa rafiki yake siku mbili kabla ya kuendelea. Mama alijua hivyo, sote tulijua. Kulikuwa na magari ya kwenda Eldoret kutwa nzima.

"Basi wewe ulijua kabla hata hawajafika Bungoma," nikasema. "Ungenichukua tuwafuate. Ungemwambia Senge ukweli, angebadilisha. Senge hakuwa na shida na kubadilisha."

"Ningeweza," mama akasema. Alipasua ganda, akaangalia ndani, akalitupa maana lilikuwa na mdudu. "Lakini na mimi pia nilikuwa naishi kwa hiyo nyumba."